Tusimuulize Mgonjwa Kama Ameridhika

Mama wa Ikolo amemfikisha hospitalini usiku mtoto mwenye degedege, amemuuguza wodini siku tatu, na sasa anarudi naye nyumbani akiwa mzima. Muulizeni: "Umeridhika na huduma?" Atajibu, "Ndaga fijo." Kwa Kinyakyusa ni asante sana, nayo yatoka moyoni. Lakini si kipimo. Ni shukrani ya mzazi ambaye mwanawe amepona, na ni adabu ya mtu ajuaye kwamba kesho huenda akarudi mikononi mwa watu walewale.

Mwaka 2015 Tanzania ilianza kuvipima vituo vya afya ya msingi kwa nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Ni hatua njema. Hata hivyo, mkaguzi hukagua rejista, dawa na vifaa. Hayupo saa nane usiku mgonjwa anapoteremshwa kwenye bodaboda. Wauguzi na madaktari nao hupokezana zamu. Anayeiona safari yote, tangu langoni hadi ruhusa, ni mgonjwa na anayemuuguza.

Wapo watakaosema kwamba mgonjwa hajui tiba. Ni kweli, hawezi kuhukumu dozi. Lakini anajua kama mtoto aliangaliwa kabla au baada ya kuulizwa kadi na fedha. Anajua maumivu yalitulizwa lini, nani alimweleza ugonjwa, na kama aliondoka akizijua dalili za kumrudisha hospitali haraka. Basi tuulize kilichotokea. Dodoso la kitaifa la Marekani kwa wagonjwa waliolazwa huuliza ni mara ngapi wauguzi walieleza mambo kwa namna inayoeleweka, nalo hujibiwa mgonjwa akiwa amekwisha kuruhusiwa. Nasi tumuulize akiwa kwake, kwa lugha yake, na muulizaji asiwe aliyemtibu.

Tena kuna wasioulizwa kabisa: waliofariki. Katika huduma za dharura, ushahidi wao ndio mzito kuliko wote. Matanga yakiisha, ndugu zao waulizwe kwa staha.

Mwisho, majibu yasomwe na watoa huduma wa kila zamu, kisha yabandikwe mahali pa wazi pamoja na kilichorekebishwa. Sanduku la maoni lisilojibiwa humfundisha mgonjwa kunyamaza. Na mgonjwa aliyenyamaza huhesabiwa miongoni mwa walioridhika.