Wimbo Nao Upimwe

Mkulima mdogo wa Litein hawezi kufikisha majani chai kituoni akaondoka kabla hayajapimwa. Atasimama pale pale karibu na mizani, aone kilo zake zikiandikwa na risiti ikitoka. Bonasi ikitangazwa, anajua kiwanda chake kimelipa ngapi na cha jirani ngapi. Lakini mwanawe mwimbaji anaingia studio mjini, analipia kurekodi, anatoka bila karatasi yoyote. Wimbo ni wa nani? Wake? Wa prodyuza aliyetengeneza biti? Wa mfadhili aliyegharimia video? Maswali haya huanza wimbo ukishavuma, wakati kila mmoja ana jibu lake.

Toleo hili linahusu namna msanii wa Kericho na Bomet anavyoweza kula jasho lake, na msimamo wangu nauweka wazi mapema: tatizo la kwanza ni umiliki, umaarufu unafuata.

Nchi hii ya chai imeuza muziki tangu zamani. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi Kapkatet wasichana wa Kipsigis wakimwimba Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefahamika huku kwa gramafoni, jina lake likawa Chemirocha. Sauti zile zilizunguka dunia. Nakala zilirudishwa kijijini baada ya zaidi ya miaka 60, kwa juhudi za hifadhi ya muziki ya ILAM ya Afrika Kusini na Ketebul Music ya Nairobi. Sheria ya Kenya hulinda rekodi ya sauti kwa miaka 50. Piga hesabu mwenyewe.

Baadaye Kericho ikapata lebo yake, Chandarana, iliyotoa santuri za benga za Wakipsigis na Wajaluo. Santuri angalau ilikuwa kitu cha kuhesabika dukani.

Leo msanii wetu anaishi kwa shoo: harusi, harambee, jukwaa la mwanasiasa, klabu zinazojaa bonasi ikitoka. Sizidharau fedha hizo, zimesomesha watoto. Ila koo likiuma wiki mbili, nyumba nzima inaumwa. Kipato kinachoingia mwimbaji akiwa amelala kinatokana na haki. Tangu marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya 2022, mapato ya milio ya simu kama Skiza yanampa msanii au mwenye hakimiliki asilimia zisizopungua 52. Tazama hilo neno “au”. Asiye na karatasi anaweza kusikia wimbo wake kwenye kila simu ya Sotik huku asilimia hizo zikiingia mfuko mwingine.

Nitaambiwa vyama vya mirabaha hulipa vijisenti. Malalamiko hayo yana msingi. Mwaka 2017 bodi ya hakimiliki, KECOBO, yenyewe ilikinyima leseni kimojawapo cha vyama hivyo, MCSK. Hata hivyo, ugomvi wa vyama haumzuii mtu kuandika. Sheria inataka haki zikihamishwa zihamishwe kwa maandishi, na ukurasa mmoja unatosha: nani katunga, nani kapiga gitaa, nani kalipa, kila mmoja ana asilimia ngapi, sahihi na shahidi. Uandikwe kabla maikrofoni haijawashwa. Prodyuza anayegoma kutia sahihi asubuhi hiyo hataitia wimbo ukishavuma, na studio siku hizi haziko chache.