Toeni Kamera Kwenye Oto

Nina kesi na herufi moja: ile A inayokaa kando ya kialama cha radi kwenye kioo cha kamera yako. Watu huiita oto. Mimi naiita uvivu, na najua ninachosema kwa sababu mvivu wa kwanza nilikuwa mimi.

Desemba moja huko ushago, shosho alikuwa jikoni akipika chapo, moto wa kuni umemwangazia shavu moja. Nikatoa kamera, nikabonyeza. Flashi ikalipuka. Kwenye picha moto hauonekani. Ukuta wenye masizi hauonekani. Kuna paji la uso linalong'aa kama sufuria mpya, na giza tupu nyuma yake. Mwaka uliofuata shosho akatuacha, na hiyo ndiyo picha tuliyoweka kwenye kijitabu cha mazishi.

Msiniambie kamera ilikuwa mbaya. Ilifanya ilivyoagizwa: ukiona giza, piga. Ningezima flashi, nikaegemeza viwiko mezani, nikamwomba atulie kidogo. Au ningechagua ile inayoandikwa Slow Sync: flashi inawaka, lakini shata inakaa wazi muda mrefu zaidi ili mwanga wa mahali nao uingie. Uso ungeonekana na moto ungebaki.

Saa sita mchana mambo hugeuka. Siku ya graduation jua liko utosini, oto inaona mwanga ni mwingi, flashi ya nini? Kofia inatupa kivuli na macho yanakuwa mashimo. Hapo unailazimisha iwake: chagua radi peke yake, bila A. Sisi weusi ndio tunaoumia zaidi, maana kamera ikipima anga jeupe nyuma yetu, mara nyingi inapunguza mwanga na sisi tunazama. Halafu mjuaji mmoja anatoa ule utani mchovu wa "cheka tukuone." Buda, shida si ngozi yangu. Shida ni kidole chako.

Alama ya jicho nayo ni ya kupunguza macho mekundu: inamulika kwanza ili mboni zisinyae, ndipo ipige. Sawa kwa picha ya kupanga watu mstari. Kwa kicheko cha ghafla, umekikosa. Na wewe wa safu ya ishirini kwenye konsati, zima hiyo kitu. Flashi ya ndani hufika mita tatu, nne hivi. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unabaki robo. Msanii humfikii. Unamulika visogo tu.

Ati nani ana muda wa kuchagua? Ni kitufe kimoja, sekunde mbili. Shosho alikuwa nazo. Chapo ilikuwa bado haijaiva upande wa pili. Ni mimi niliyekuwa na haraka.