Gari Linapogonga Nyuma

Hakuna mlio wa gari unaokula fedha za nyumba kama ule unaotoka nyuma. Mlio wa mbele humfikia dereva upesi, naye huuhisi hata kwenye usukani. Wa nyuma husikiwa kwanza na aliyeketi kiti cha nyuma, ambaye aghalabu ni mama pamoja na watoto, na akiutaja huambiwa kuwa ni ubovu wa barabara. Siku barabara inapokuwa laini na mlio ukaendelea, gari hupelekwa gereji, na hapo huanza mlolongo tunaoujua sote: shokomzoba mbili mpya, kisha springi, kisha bushi, na ujira wa fundi juu ya kila kimoja. Mlio huwa ungali palepale.

Tumeona tuuzungumze mlio huo juma hili kwa sababu likizo za shule zikifika jamaa zetu wengi wa pwani huelekea bara, familia nzima ndani ya gari moja, na mambo ambayo mjini huvumilika huwa mazito njiani.

Mwaka uliopita tulikuwa miongoni mwa waliokwenda harusini katika kaunti ya Bungoma, safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa. Tulifika Kitale kwanza kuwajulia hali wazee, kisha tukateremka kuelekea Bungoma. Gari lilikuwa Toyota ndogo ya wifi yetu, mwalimu, aliyelinunua kwa akiba yake mwenyewe. Kabla ya safari gereji moja ya mjini kwetu ilikuwa imemfungia shokomzoba mbili mpya za nyuma kwa ajili ya mlio wa kutatarika, naye akalipa kwa fedha aliyokuwa ameitenga kwa karo ya muhula. Mlio haukuondoka. Ulivuka nasi Mtito Andei, ukavuka Nairobi na Nakuru, ukapanda nasi hadi Kitale.

Mabanga ni kituo kidogo cha upande wa Bungoma, mahali panapojulikana kwa chuo cha mafunzo ya wakulima, katikati ya nchi ya miwa. Matuta ni mengi, na trekta za miwa huacha udongo juu ya lami. Hapo ndipo mlio ulipobadilika. Juu ya ule mtatariko wa kawaida tukasikia pigo moja zito kwenye kila tuta, upande wa kushoto. Wifi yetu akasimamisha gari kando ya banda la fundi wa jua kali, na shemeji aliyekuwa mbele akateremka kueleza.

Fundi, mtu wa makamo, alimsikiliza kwa heshima, kisha akauliza swali ambalo ile gereji ya mjini haikuliuliza: "Nani ameketi nyuma?" Alipoonyeshwa shangazi yetu alimwendea dirishani. "Shikamoo mama. Basi wewe ndiwe utakayenieleza."

Maswali aliyomuuliza yanafaa kuandikwa na kuwekwa ndani ya gari, kwani kila moja lina sababu yake. Je, mlio huja kwenye vijishimo vidogo mfululizo, au kwenye tuta kubwa tu? Mtatariko wa haraka juu ya changarawe huwa ni kitu chepesi kilicholegea: bushi iliyokwisha, nati ya juu ya shokomzoba, bati la kukinga joto lililo juu ya bomba la moshi. Pigo moja zito kwenye tuta huwa ni kitu kinachobeba uzito wa gari. Je, hunyamaza dereva akigusa breki kidogo? Ikiwa hunyamaza, itazamwe breki kwanza na springi ziachwe. Je, husikika gari likiwa limesimama na injini ikiongezwa moto? Hapo bomba la moshi na mipira inayolishika ndiyo ishukiwe. Na je, hugonga likiwa tupu au likiwa limejaa? Gari linalogonga linapojaa tu, huenda springi zake zimechoka na chuma cha nyuma kinafikia ule mpira wa kuzuia. Linalogonga likiwa tupu na kutulia likijaa, lina kitu kilicholegea ambacho uzito hukibana.

Shangazi alijibu yote bila kusita. Alikuwa ameyasikiliza kwa siku mbili.

Baada ya hapo fundi hakushika spana. Aliomba buti itolewe kila kitu: mabegi, tairi la akiba, jeki, na masufuria mawili ya harusi tuliyokuwa tumeyafunga kwa leso, ambayo tayari shemeji alikuwa ameyatuhumu tangu Nakuru. Kisha akaendesha gari mwendo mfupi kwenye njia ya vumbi na kurudi, shangazi akiwa amebaki mahali pake nyuma. Mtatariko ulikuwa umekwisha, lile pigo zito limebaki.

Tulikuwa tumesafiri na milio miwili tukidhani ni mmoja. Wa kwanza ulikuwa wa jeki. Katika Toyota nyingi jeki hukaa ndani ya kishikizo chake kwa kuzungushwa mpaka ijibane. Asiyejua huirudisha vivi hivi baada ya kubadilisha tairi, nayo hugonga bati usiku na mchana kwa sauti isiyotofautiana sana na ya shokomzoba iliyokufa. Fundi aliizungusha kwa mkono ikabana, na hilo likaisha. Karo ya muhula ilikuwa imetumika kutibu jeki.

Kwa pigo la pili ilibidi aingie chini. Aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akainua gari, kisha kabla ya kujilaza akatia magogo mazito mawili chini ya mwili wa gari na kuliteremsha likae juu yake. Tunalitaja hili kwa sababu tumewaona vijana wengi wa mitaani kwetu wakiingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki huteleza. Mtoto anayetumwa kumpelekea fundi spana asifike hapo hata mara moja.

Chini ya gari kazi yake ilikuwa ya mikono na macho. Alitikisa bomba la moshi lilipopoa. Aligonga lile bati la kukinga joto kwa kifundo cha kidole. Alitia mtaimbo kwenye bushi za chuma cha nyuma na kuusukuma taratibu, akitazama kama mpira umepasuka au chuma kinacheza. Alishika shokomzoba kwa mkono mmoja na kuitikisa. Zilikuwa nzima, hazikuvuja mafuta, na zilikuwa zimefungwa vyema. Kisha akafika kwenye springi ya kushoto, ambayo sasa gurudumu likining'inia ilikuwa imepoteza mzigo wake, akaizungusha, na kipande cha mviringo wa chini kikabaki mkononi mwake.

Alikileta juani tukione. Pale kilipokatikia, sehemu kubwa ilikuwa na kutu ya siku nyingi, na sehemu ndogo iling'aa kama fedha. Maana yake ufa ulianza zamani, ukaingia maji na kutu, na kile chuma kidogo kilichosalia ndicho kilichoshindwa kwenye tuta la Mabanga. Springi iliyokatika hivyo haikai tena mahali pake. Ncha yake inaweza kusogea na kulichana tairi kwa upande wa ndani, mahali ambapo dereva haoni. Tulitazamana, kwani watoto wanne walikuwa ndani ya gari lile.

Hapa pana jambo letu sisi wa pwani. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula chuma kilichochubuka rangi. Gari huoshwa juu kila Ijumaa likang'ara, lakini chini hakuna anayepatazama. Springi, mabomba ya breki na bati za bomba la moshi huliwa kimya kimya. Maji matamu yakimwagwa chini ya gari kila mara, hasa baada ya kuendesha karibu na ufuo au katika maji ya mvua yaliyochanganyika na ya bahari, husaidia kuliko king'arisho chochote cha rangi. Na gari linapoinuliwa kwa sababu yoyote, fundi aombwe kumulika springi za nyuma hadi mviringo wa mwisho wa chini, kwani mara nyingi hukatikia huko.

Springi mbili za mtumba zililetwa kutoka mjini Bungoma, zikabadilishwa zote mbili ili gari lisikae upande. Lakini boliti za bushi alizokuwa amezilegeza hakuzikaza papo hapo. Aliteremsha gari likakaa kwa magurudumu yake, akatuomba watu wawili tuketi nyuma, ndipo akazikaza za mwisho. Alieleza kuwa bushi ikikazwa gurudumu likining'inia, mpira wake hukaa umejipinda maisha yake yote na hupasuka mapema. Tangu siku hiyo tumewauliza mafundi kadhaa wa kwetu, na wote wanalijua jambo hili. Wanaolifanya ni wachache.

Alipotaja gharama, alitenganisha: bei ya springi, ujira wa kuzifunga, na ujira wa kutazama. Shemeji alinung'unika juu ya hilo la tatu. "Kutazama nako kunalipiwa?" Wifi yetu akamjibu kwa upole kuwa yeye amekwisha kulipia kutotazamwa, na anajua bei yake, akatoa fedha. Jumla haikufika nusu ya alichotoa kwa shokomzoba.

Nasi tunaona haki iko upande wake. Tumewazoesha mafundi wetu kwamba saa nzima ya kusikiliza na kukagua ni bure, na kwamba fedha hutoka pale tu kipuri kipya kinapofungwa. Fundi naye ana watoto. Akinyimwa ujira wa macho yake, atautafuta ndani ya vyuma. Hatusemi kuwa wote hudanganya, wengi hubahatisha tu kwa nia njema. Ila fedha inayobahatishwa ni ya nyumba yetu.

Kwa hiyo dada zetu mnaomiliki magari, na mliotumwa kulipeleka gari la nyumba, msione haya kumwambia fundi hivi kabla ya kukubali kipuri chochote: nionyeshe kinachogonga, ukitikise kwa mkono wako nisikie. Mara nyingi kilicholegea au kuvunjika huonekana au hutikisika gari likiwa limesimama. Asipoweza kukionyesha, huenda hajakipata bado, na aongezewe muda wa kukitafuta, kwa malipo, badala ya kuongezewa vipuri. Mwambieni pia akurudishieni kipande cha zamani. Fundi mwaminifu hachukizwi na ombi hilo, kwani linailinda amana yake kama linavyoilinda yenu.

Mtatariko mwepesi unaweza kungoja hadi Jumamosi, buti itolewe vitu nyumbani kwanza. Lakini gari likianza kupiga pigo zito upande mmoja, au likionekana limelala upande likiwa limesimama penye usawa, au pakiwa na harufu ya mpira ulioungua baada ya mwendo, lisipakiwe watoto siku hiyo. Liendeshwe polepole hadi kwa fundi aliye karibu, na tairi la upande huo likaguliwe kwa ndani kwa tochi.