Kilo Tatu za Mgonjwa wa Kifua Kikuu

Mgonjwa wa kifua kikuu anayefika katika kituo cha afya huko Kasulu hupimwa uzito kabla ya kuanzishiwa dawa. Uzito huo huandikwa katika kadi yake, na kutokana nao huamuliwa idadi ya vidonge atakavyomeza kila siku. Dawa hupewa bila malipo. Pamoja na dawa hupewa shauri la kula vizuri, nalo halifuatani na chakula chochote. Yapo mambo yaliyokwisha kubainishwa na watafiti, hapa nchini na ng'ambo, yanayotosha kuonyesha kwamba kasoro hii si ya kudharauliwa, na kwamba wilaya kama Kasulu na Kibondo zina njia ya kuirekebisha kuliko inavyodhaniwa.

Jambo lenyewe lina historia. Robert Koch alipotangaza mwezi Machi 1882 kwamba kifua kikuu huletwa na kiini hai, wala si laana wala urithi wa ukoo, hapakuwa na dawa ya kukiua kiini hicho. Kwa zaidi ya miaka 60 waganga walitegemea mapumziko, hewa safi na mlo mzuri. Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, iliyofunguliwa mwaka 1926, ilizaliwa katika zama hizo. Kisha ikagunduliwa streptomaisini mwaka 1943, na isoniazidi ikaanza kutumika mwaka 1952, na mambo yakageuka kabisa. Mwaka 1959 yalichapishwa matokeo ya jaribio mashuhuri lililofanyika Madras, mji wa India ambao leo huitwa Chennai. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walilazwa na kulishwa vizuri, wengine wakatibiwa majumbani mwao, katika vyumba vilivyosongamana watu na kwa chakula haba. Baada ya mwaka mmoja, makundi hayo mawili yalikuwa yamepona kwa kiasi kinachokaribiana sana.

Mafunzo mawili yalichukuliwa Madras. La kwanza, kwamba hakuna haja ya kumtenga mgonjwa na jamaa zake kwa mwaka mzima, liliwaokoa watu wengi. La pili, kwamba chakula hakina uzito, lilikuwa kweli kwa swali lililoulizwa tu, yaani kama dawa itaua viini katika mwili wa mtu asiyeshiba. Hata hivyo likasambaa kama kwamba limejibu maswali yote.

Tanzania ilipoanzisha mwaka 1977 mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, mshauri wake mkuu alikuwa Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, daktari ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu katika kambi ya mateso wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mpango huo ulifupisha matibabu hadi miezi 8, ukasisitiza dawa zimezwe mbele ya mhudumu, na kila mgonjwa ahesabiwe hadi mwisho wa safari yake. Ulifaulu kiasi cha kwamba katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliufanya kuwa mfano kwa mataifa mengine. Ni fahari ambayo vitabu vya shule vya nchi hii havijaitendea haki. Lakini katika hesabu zake zote, chungu cha nyumbani hakikuwa na safu yake.

Waliokitazama chungu hicho ni watafiti wa Mwanza. Katika kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, Nyagosya Range, George PrayGod na wenzao, wakishirikiana na wataalamu wa Denmark, waliwapa wagonjwa wa kifua kikuu vitamini na madini, na baadaye biskuti zenye nishati na protini. Matokeo hayakuwa ya kushangilia. Wapo walioongezeka uzito na nguvu za kiganja. Wapo ambao nyongeza yao haikutofautiana na ya wenzao wasiopewa kitu. Watafiti waliyaandika hayo kama yalivyo, na wanafunzi wa sayansi wangefaidika kusoma taarifa za namna hiyo zaidi ya zile za ushindi mtupu.

Watafiti hao hao walitoa mwaka 2011 habari nyingine. Katika wagonjwa 803 wa kifua kikuu waliopimwa Mwanza, takribani mmoja kati ya kila sita alikuwa na kisukari; katika watu wa mji huo huo wasiokuwa na kifua kikuu, hakufika mmoja kati ya kila kumi. Ilikwisha julikana katika nchi nyingine kwamba mwenye kisukari hukabiliwa na hatari ya kifua kikuu iliyo karibu mara tatu ya mtu mwingine, kwani sukari ikizidi katika damu chembe za ulinzi hulegea. Kwa hiyo ugonjwa unaosemwa kuwa wa wenye shibe na ugonjwa unaosemwa kuwa wa wenye njaa hukutana katika pafu moja.

Wenye kupinga huuliza: ikiwa biskuti za Mwanza hazikuleta badiliko kubwa, chakula kina hoja gani? Jibu ni kwamba chakula kiliingizwa kikiwa kimechelewa. Mwili uliokwisha kuliwa na ugonjwa, wenye homa na usio na hamu ya kula, haujengeki upya kwa majuma machache. Swali lenye manufaa zaidi linawahusu wale wanaolala chini ya paa moja na mgonjwa na kuvuta hewa aliyokohoa. Ni nani kati yao atakayefuata?

Swali hilo lilijibiwa India, katika jimbo la Jharkhand, kwa utafiti ulioongozwa na Anurag Bhargava na kuchapishwa mwaka 2023. Jamaa zaidi ya 10,000 wa wagonjwa 2,800 waliandikishwa. Wagonjwa wote walipewa chakula. Katika nusu ya maeneo jamaa zao nao walipewa: mtu mzima kilo 5 za mchele na kilo moja na nusu ya mbaazi kila mwezi, pamoja na vidonge vya vitamini. Miongoni mwa jamaa waliopewa, maradhi mapya ya kifua kikuu ya kila aina yalipungua kwa takribani mbili ya tano, na yale ya mapafu kwa karibu nusu. Ni chanjo chache zinazoweza kujivunia hivyo, na hapa kilichotolewa ni wali na mbaazi.

Mwalimu wa hisabati anaweza kuieleza sababu yake ubaoni. Uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa mraba wa urefu wake kwa mita, na anayepata chini ya 18.5 huhesabiwa kuwa amekonda kupita kiasi. Mtu wa mita 1.70 mwenye kilo 50 hupata 17.3. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kila kipimo hicho kinapopanda kwa moja, hatari ya kupata kifua kikuu hushuka kwa karibu sehemu moja ya saba. Kwa mtu wa urefu huo, kipimo kimoja ni kilo tatu kasoro kidogo. Mkulima wa Kasulu huweza kuzipoteza kilo hizo kati ya kupanda na kuvuna.

Inasemwa kwamba kugawa chakula kwa kilo na kwa vichwa ni kazi isiyowezekana vijijini. Hoja hiyo haisimami Kasulu. Tangu mwaka 1996, ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, wilaya hiyo imeshuhudia nafaka, maharage na mafuta vikipimwa na kugawiwa maelfu ya watu kwa daftari na mizani, mwezi hata mwezi. Kaya za wagonjwa wa kifua kikuu katika wilaya moja ni chache mno zikilinganishwa na umati ule. Nayo mahindi na maharage hayahitaji kuagizwa mbali, kwa kuwa hulimwa na wanakijiji wenyewe, na dagaa wa Ziwa Tanganyika hupanda hadi masoko ya huko juu. Mgonjwa au jamaa yake hufika kituoni kuchukua dawa kwa miezi 6 ya matibabu ya sasa. Siku hiyo hiyo angeweza kubeba maharage na unga, ikiwezekana dona badala ya sembe. Gharama iwe juu ya halmashauri, na hesabu zibandikwe ukutani.

Tumbaku, ambayo hulimwa katika nyanda hizo hizo, ina habari yake. Hushindana na maharage kwa ardhi na kwa nguvu za watu, na uvutaji wake huongeza hatari ya kifua kikuu mara mbili hivi. Halmashauri inayohesabu ushuru wa zao hilo ingefaa iandike katika ukurasa ule ule idadi ya wagonjwa wa kifua waliotibiwa mwaka huo.

Hata chakula hicho kikipatikana, mizani ya kituo haitatosha peke yake. Mgonjwa mwenye kisukari naye hukonda, na mhudumu asiyempima damu atadhani ni njaa tu, ampe unga zaidi, na sukari izidi kupanda. Kipimo chake ni tone moja la damu kidoleni na jibu hupatikana kabla mgonjwa hajavaa viatu vyake. Kiwekwe katika kila kituo kinachotoa dawa za kifua kikuu, Kasulu na Kibondo, na jibu liandikwe katika kadi ile ile, kando ya uzito.