Kabla hujamwita fundi dishi, simama uani saa nne

Wazazi wenzangu, wiki hii mniruhusu niweke kando habari za lishe, nizungumzie dishi.

Mwaka jana binti yetu, aliyekuwa darasa la sita, alizoea kwenda kuangalia tamthilia kwa jirani ng'ambo ya mfereji, hapa hapa Ifakara. Nyumbani televisheni ilikuwepo, ila kifurushi kilikuwa kimeisha, na mwezi wa michango ya shule si mwezi wa kulipia kifurushi. Akawa anarudi saa tatu usiku. Siku moja akarudi akisindikizwa na kijana ambaye mimi wala baba yake hatukumjua. Hakuna baya lililotokea, lakini usiku ule sikupata usingizi.

Asubuhi baba watoto akasema, "Mama watoto, tufunge dishi lisilolipiwa, huyu mtoto akae nyumbani." Tukauza magunia mawili ya mpunga tuliyokuwa tumeyaweka akiba. Akaja fundi na pikipiki yake, akafunga, akatuhakikishia kwamba chaneli zote ni bure milele. Milele yake ilikuwa wiki tatu. Siku ya ishirini na mbili skrini ikaandika tulipie. Kumbe alitufungia king'amuzi cha kulipia kikiwa kwenye siku za ofa. Tulipompigia, simu haikupokelewa.

Ndiyo maana nawaandikia. Chaneli ya bure kweli ni ile ambayo mwenye kituo ameyaacha matangazo yake bila kufuli, na risiva ya kuipokea haina kadi. Orodha ya chaneli hizo hubadilika, maana mwenye kituo anaweza kuweka kufuli au kuhamia satelaiti nyingine. Kwa hiyo usinunue kwa maneno. Tafuta mtu mtaani aliyefungiwa dishi la aina hiyo, kaa sebuleni kwake nusu saa, pitisha chaneli moja moja kwa rimoti. Kama hazikufai, umeokoa mpunga wako.

Usitegemee pia kwamba kila kituo cha hapa nchini kitakuja kwa njia hiyo. Mtakumbuka mwaka 2018, TCRA ilipozizuia kampuni za ving'amuzi vya dishi kuonyesha chaneli za bure kama ITV na Channel Ten, kwa kuwa leseni zao zilikuwa za maudhui ya kulipia. Nyumba nyingi zililala bila taarifa ya habari. Basi uliza TBC1 inapatikana wapi, ITV inapatikana wapi, uonyeshwe.

Fundi wa pili alikuwa mzee mmoja mpole. Hakufungua hata boksi. Alisimama uani akauliza, "Mwembe huu mtaukata?" Sisi tulidhani tatizo ni milima ya Udzungwa, ile inayopita mita 2,500. Mzee akacheka. Milima inazuia mawimbi ya antena yanayotoka kwenye minara, lakini satelaiti iko juu ya ikweta, umbali wa kilomita zipatazo 36,000, na sisi tuko karibu nyuzi 8 kusini ya ikweta. Kwa hiyo hakuna dishi la Ifakara linalotazama kusini. Yale ya Azam yanatazama magharibi, yakielekea kaskazini kidogo. Letu lilitakiwa kutazama mashariki, kwenye satelaiti ya Intelsat 20 iliyo nyuzi 68.5, na huko satelaiti iko juu kuliko nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Hata aliye Mang'ula, chini kabisa ya mlima, anaipata. Kinachoziba ni mwembe wako mwenyewe.

Mzee alitufundisha kupima bila kifaa. Karibu na tarehe 23 Machi na tarehe 20 Septemba, saa nne hivi asubuhi, jua hupita pale pale satelaiti hiyo ilipo. Simama unapotaka dishi likae. Ukiwa kwenye jua, hapo panafaa. Ukiwa kivulini, sogea. (Siku hizo hizo picha inaweza kukatika dakika chache saa hiyo. Ni jua, msimlaumu mtoto kwamba kachezea rimoti.) Tarehe zikiwa zimepita, kadiria hivi: mti ukilizidi dishi urefu kwa mita 10, dishi liwe mbali nao zaidi ya mita 8.

Tulichukua dishi la futi 6, la nyavu. Yale madogo ni nafuu na hayabebi upepo, ila yanapokea mawimbi mafupi ambayo mvua kubwa huyakata, na masika ya Kilombero mnayajua. Kubwa linataka bomba la chuma lililosimikwa kwa saruji, lisimame wima kabisa. Mpe fundi siku ya pili aje kutafuta chaneli saruji ikishakauka. Ukimharakisha, utamwita tena. Na kuku wasilale juu yake.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipita haraka ni umeme. Risiva hupeleka volti 13 au 18 kwenye LNB, kile kichwa kidogo cha mbele ya dishi, kupitia kebo. Ukifunga kebo risiva ikiwa imewashwa, nyaya zikagusana, risiva inaweza kuungua. Izime ukutani kwanza. Viungo vya nje vifungwe vizuri maji yasiingie. Mawingu yakianza kunguruma upande wa Mahenge, chomoa plagi na kebo ya nyuma ya risiva, usizime swichi tu. Kazi hiyo ni ya mkubwa, na ifanywe kabla radi haijakaribia.

Sasa niwaambie ukweli. Tamthilia ya binti yetu haimo. Alipogundua alinuna siku mbili. Tumeongea na mama wa ng'ambo ya mfereji: marudio huonyeshwa Jumamosi mchana, binti anakwenda na mdogo wake, saa kumi na moja wako nyumbani. Yule mama naye huwaleta wanawe kwetu jioni nyingine, na huja kuwachukua mwenyewe.