Uhakiki si Matuta ya Lazima

Katika shule zetu za sekondari mwanafunzi hufundishwa kukichinja kitabu kabla hajakisoma. Upande huu huwekwa maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo. Upande ule, fani: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Kila kiungo hupewa aya yake, na insha ikahesabiwa kuwa imekamilika. Huo, twaambiwa, ndio muundo wa uhakiki. Mimi nasema hiyo ni orodha, na orodha haijapata kuwa hoja.

Tuchukue Nguzo Mama (1982), tamthilia ya Penina Muhando, mzaliwa wa Berega, mkoani Morogoro. Wanawake wa Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo, na nguzo haisimami. Mwanafunzi wa orodha ataandika kwamba dhamira ni ukombozi wa mwanamke na ujumbe ni umoja. Kisha, kurasa mbili mbele, ataitaja nguzo miongoni mwa ishara na kupita zake. Lakini nguzo hiyo ni fani au ni maudhui? Ukiiondoa nguzo, dhamira haina pa kukaa. Ukiiondoa dhamira, nguzo ni gogo tu.

Swali linaloizaa insha ni hili: kwa nini mwandishi anayeutetea ukombozi huo amekataa kuisimamisha nguzo mbele ya watazamaji? Mwenye kulijibu atapata muundo humo humo: dai lake mwanzoni, ushahidi wa maneno na vitendo vya jukwaani, pingamizi la msomaji aonaye vingine, na jibu lake, kisha hitimisho litufikishalo mahali ambapo hatukuwapo tulipoanza.

Watetezi wa orodha husema madarasa yamejaa, karatasi za mtihani ni nyingi, na bila kigezo kimoja haki haitatendeka. Hoja hiyo ni nzito, wala siidharau. Ila kipimo cha msahihishaji kisigeuzwe kuwa jicho la msomaji.

Milima ya Uluguru ilikwisha kutufunza jambo hili. Serikali ya Kiingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi miteremkoni ili kuzuia mmomonyoko. Palipokuwa na udongo mwembamba, jembe liliifukia rutuba na kuupandisha juu udongo usiozaa. Mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikazuka, na mpango ukaanguka. Hata hivyo, huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo, wakulima wana ngazi zao wenyewe, walizozikata kwa kuijua ardhi yao. Basi kosa halikuwa tuta. Kosa lilikuwa tuta la namna moja kwa kila mlima, kwa amri ya mtu asiyelima hapo.

Walimu wenzetu, mpeni mwanafunzi kitabu kwanza, kisha mwacheni aulize, ndipo ashike kalamu. Anayeingia kitabuni na majibu mkononi hutoka nayo yale yale, na vizazi vya namna hiyo vitafaulu mitihani ya fasihi bila ya kuwa wasomaji.