Mbuzi kwenye Gunia, Nyumba Kando ya Ziwa

Jijini Mwanza nyumba nyingi huuzwa "kama ilivyo". Dalali huyatamka maneno hayo kana kwamba yanafuta kila dhamana: mnunuzi ameiona, ameridhika, amelipa. Tujiulize: ameona nini hasa?

Anayekagua nyumba ya bondeni mwa Mto Mirongo mwezi Julai huona ukuta uliopakwa rangi juzi. Haoni alama ya maji ya masika. Anayenunua ufukweni huona mandhari. Haelezwi maji yalifika wapi mwaka 2020, na tena 2024, Ziwa Victoria lilipovunja rekodi ya kina chake. Wala haelezwi kwamba kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kiinua mgongo cha mtumishi aliyestaafu huweza kupotea kwa saini moja.

Sheria ya Mikataba, kifungu cha 17, inahesabu kuficha jambo kwa makusudi kuwa ulaghai. Hata hivyo, kifungu hicho hicho kinasema kunyamaza tu si ulaghai, isipokuwa pale mazingira yanapomwajibisha mtu kusema. Muuzaji wa nyumba hatajwi humo. Hapo ndipo anapojifichia.

Wapo watakaosema mnunuzi ajihadhari, afanye upekuzi ofisi ya ardhi. Upekuzi huonyesha mmiliki na rehani, iwapo kiwanja kimesajiliwa, hauonyeshi mafuriko. Na nyumba nyingi za milimani, Mabatini na Igogo, zilijengwa kwenye maeneo yasiyopimwa, zikauzwa kwa karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Ukweli anao muuzaji.

Napendekeza tamko la ukurasa mmoja, lisainiwe kabla ya malipo: mafuriko anayoyajua muuzaji, umbali kutoka ziwani, migogoro ya mipaka, rehani, na ridhaa ya mwenzi, ambayo Sheria ya Ndoa ya 1971 tayari inaidai kwa nyumba ya ndoa. Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela zingeweza kuanza kwa kusambaza fomu hiyo kwenye ofisi za mitaa, wakati Bunge likitafakari kuifanya lazima. Atakayeandika uongo hatakuwa amenyamaza tena, na mahakama itakuwa na ushahidi.

Muuzaji ana haki ya kukataa kukarabati nyumba kabla ya kuiuza. Haki ya kuficha ubovu wake hana.